Chatboti zikipokezana kisa chako, nani ameshika daftari?

Kama unapanda mat za Kayole zinazopita Jogoo Road, hii unaijua. Mmetoka tao, konda amekusanya nauli, wewe umetoa soo mbili na unangoja chenji. Mkifika City Stadium konda anaruka chini, skwodi anashika mlango. Dakika mbili baadaye unasikia: "Nauli ya huku nyuma!" Unamwambia ulishalipa. Anakuuliza ulimlipa nani. Chenji ndiyo usiulize kabisa.

Lakini kuna makonda wanaojua kazi. Kabla ya kushuka, anamwambia mwenzake: "Wa kushoto wote wamelipa, huyo wa kofia anadai hamsini, mama wa mzigo anashukia Donholm." Sentensi moja tu, na gari zima linaendelea bila kelele. Hakumsimulia skwodi maisha ya kila abiria, na hakuondoka kimya. Alimpa kile anachohitaji ili kazi isiharibike.

Nataka nikushawishi kwamba sentensi hiyo ya konda ni mojawapo ya shida ngumu kabisa katika akili unde ya leo, ile AI ambayo kila mtu mtaani anaitaja siku hizi. Na sisi wa Eastlands tuna sababu ya kujali, kwa kuwa ni sisi tutakaoulizwa nauli mara mbili.

Hii inakuhusu vipi? Benki, sacco, hospitali, kampuni za mikopo na maduka ya mtandaoni yanaweka chatboti kwenye WhatsApp na kwenye programu zao. Wewe unaona jina moja na picha moja inayotabasamu. Nyuma ya pazia, mara nyingi siku hizi si mashine moja. Ni maajenti kadhaa, yaani programu ndogo zilizogawana kazi: mmoja anakupokea na kujua unataka nini, mwingine anaangalia akaunti, mwingine anatafuta sheria za kampuni, mwingine anaandika jibu. Na mkishindwana kabisa, kuna binadamu kwenye dawati la huduma. Kisa chako kinapita mikono minne kabla hujajibiwa. Kila kinapopokewa na mkono mpya, kuna swali: huyu anayefuata ameambiwa nini?

Kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki: modeli yenyewe haikukumbuki. Ukituma ujumbe wa kumi, programu inachukua soga yote tangu "sasa" ya kwanza na kuisomea modeli upya. Kile inachosomewa kwa wakati huo ndicho muktadha wake, na nje ya hapo hajui lolote kukuhusu. Nafasi hiyo ina kikomo, na inapimwa kwa tokeni. Ndiyo, tokeni, kama za stima. Unanunua, zinatumika, zikiisha giza. Tokeni moja ni kipande cha neno. GPT-3 ya mwaka wa 2020 ilikuwa na nafasi ya tokeni 2,048 pekee. Februari 2024 Google ikatangaza Gemini 1.5 yenye nafasi ya hadi tokeni milioni 1. Ungedhani shida imeisha hapo.

Haijaisha. Mwaka wa 2023 watafiti wakiongozwa na Nelson Liu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima jinsi modeli zinavyotumia maandishi marefu. Walikuta kwamba zinashika vizuri kilicho mwanzo na kilicho mwisho, na kilicho katikati kinapotea kwa urahisi. Ni kama mkutano wa chama: watu wanakumbuka maombi ya kufungua na pesa za kufunga, ya katikati kila mtu alikuwa kwenye simu. Kwa hivyo kumpa ajenti wa nne soga nzima ya wale watatu si dawa. Unampa gunia na kumwambia sindano iko humo ndani.

Halafu kuna bei. Juni 2025 kampuni ya Anthropic ilieleza jinsi ilivyojenga mfumo wake wa utafiti wenye maajenti wengi, na ikasema mifumo ya aina hiyo hutumia tokeni takriban mara 15 ya soga ya kawaida. Sasa weka Kiswahili juu yake. Modeli nyingi zimelelewa kwa Kiingereza, kwa hivyo neno kama "hawakutuambia" linakatwa vipande kadhaa ilhali maneno mengi ya Kiingereza yanapita kama kipande kimoja. Maana yake, kusema jambo lile lile kwa lugha yetu kunakula tokeni zaidi. Mwenye kampuni akitaka kubana matumizi, ataanza kukata wapi? Atakata kumbukumbu. Atamwambia ajenti wa kwanza afupishe kisa chako kwa mstari mmoja kabla ya kumpa mwenzake.

Na hapo kwenye ufupisho ndipo mambo yanaharibika, manze.

Chukua neno "ngiri". Ukiandikia chatboti ya benki "nilitumiwa ngiri mbili hazijaingia", kila mtu kutoka Dandora hadi Umoja anajua ni shilingi elfu mbili. Kamusi inajua ngiri kuwa mnyama wa porini mwenye meno yaliyojitokeza. Hospitalini ngiri ni ugonjwa, ule wa utumbo kusukuma nje. Neno moja, maana tatu, na kinachoamua ni nani anaongea na nani kuhusu nini. Ajenti wa kwanza akilifasiri kwa Kiingereza na kutupa maneno yako ya asili, ajenti wa pili hana njia ya kujua kwamba mwenzake alibahatisha. Atajibu kwa adabu kabisa kuhusu wanyamapori.

Hilo la kuchekesha tulicheke. Hili jingine halichekeshi: saa. Ukiandika "niwekee miadi kesho saa mbili asubuhi", unajua unamaanisha nini na mama yako anajua. Ajenti wa kupokea akiandika "saa 2" kwenye muhtasari na kumtumia ajenti wa kalenda anayefikiri kwa saa za Kizungu, wewe umewekewa miadi ya saa nane usiku. Hakuna aliyedanganya na hakuna kilichoharibika kwenye seva. Kila ajenti alifanya kazi yake sawasawa kwa kile alichopewa. Kosa liko katikati yao, mahali ambapo hakuna anayesimamia.

Hata wakubwa wanalijua hili. Juni hiyo hiyo ya 2025, kampuni ya Cognition ya Marekani iliandika kuonya watu wasikimbilie kujenga maajenti wengi. Mfano wao ulikuwa mchezo wa Flappy Bird. Unamwambia ajenti mmoja atengeneze mandhari ya nyuma, na mwingine atengeneze ndege. Wa kwanza anakuja na mandhari yanayofanana na Super Mario. Wa pili anakuja na ndege asiyeingiana kabisa na hayo mandhari. Sasa wa tatu anaambiwa aunganishe. Hoja yao ilikuwa kwamba kila kitendo kina uamuzi ndani yake hata kama haujasemwa, na maajenti wasioona maamuzi ya wenzao watagongana tu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hilo halihitaji digrii. Fundi wa mabomba na fundi wa tailes wasipoongea, choo kinabomolewa mara mbili.

Tuje kwenye jambo zito, kwa sababu ndege wa mchezo hawezi kufa.

Hapa Kenya kuna huduma ya SMS ya PROMPTS inayoendeshwa na shirika la Jacaranda Health. Mama mjamzito anatuma swali, mashine inalipima uzito, na maswali yenye dalili za hatari yanasukumwa mbele kwa wahudumu wa dawati. Shirika hilo hilo lilitoa modeli ya Kiswahili iitwayo UlizaLlama mwaka wa 2023. Napenda mpango huo kwa sababu moja: binadamu yuko ndani yake tangu mwanzo, hajabandikwa mwishoni kama plasta.

Sasa tuseme kampuni nyingine ya haraka haraka inaiga wazo hilo bila uangalifu. Mama wa Kayole Soweto, miezi minane, anaandika: "Kichwa kinaniuma tangu juzi na macho yanaona ukungu." Ajenti wa kwanza anafupisha: mteja analalamika kuumwa kichwa. Ukungu wa macho umeachwa. Ajenti wa pili, ambaye kazi yake ni kupanga uzito, anaona kichwa tu na kuliweka swali kwenye foleni ya kawaida. Ajenti wa tatu anamjibu anywe maji na apumzike. Yeyote aliyekaa na mkunga anajua kwamba kichwa kikali pamoja na kuona ukungu katika miezi hiyo ni dalili ya presha ya ujauzito, na kwamba mtu kama huyo anapaswa kuwa njiani kwenda Pumwani au Mama Lucy sasa hivi. Maneno manne yaliyokatwa ili kuokoa tokeni yanaweza kubeba roho mbili.

Na kuna kinyume chake, ambacho ni kibaya vilevile. Ajenti mmoja anaandika "huenda ana kisukari". Wa pili anafupisha "ana kisukari". Kufikia wa nne, kisukari ni ukweli ulioandikwa, na hakuna anayejua kwamba kilianza kama kubahatisha. Sisi mtaani tunaujua mwendo huo, ndivyo umbea unavyokua kutoka ploti moja hadi nyingine.

Suluhu ipo, na si mpya. Miaka ya 1970 kule Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijenga mfumo wa kutambua usemi ulioitwa Hearsay-II. Ndani yake kulikuwa na wataalamu wengi wa programu: mmoja wa sauti, mwingine wa silabi, mwingine wa maneno, mwingine wa sentensi. Hawakunong'onezana mmoja mmoja. Waliandika makisio yao kwenye ubao mmoja ambao wote waliuona, na kila mmoja akachangia pale anapoweza. Umri wa wazo hilo unakaribia nusu karne, na bado ndilo ninaloliamini zaidi: daftari moja linaloonwa na wote.

Lakini daftari si kutupa kila kitu ndani. Chama chochote kilichodumu Eastlands kitakufundisha sheria zake. Kuna mwandishi mmoja. Wengine wanapendekeza, yeye anaandika, ndiyo maana hamna matoleo mawili ya deni la mtu mmoja. Kila mstari una tarehe na jina la aliyesema. Kilichotoka kwa mwanachama mwenyewe kinaandikwa tofauti na kile katibu alichokadiria. Mstari ukikosewa unapigwa kistari na kuandikwa upya, haufutwi kimya kimya. Na mwanachama ana haki ya kuomba asomewe ukurasa wake.

Hamisha hayo kwenye mashine. Maneno asilia ya mteja yabaki kama alivyoyaandika, Sheng na yote, hata kama ufupisho umewekwa kando yake. Kila taarifa ionyeshe chanzo: mteja alisema, akaunti inaonyesha, ajenti alikisia. Maajenti wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja bila anayeamua. Na dalili za hatari, za kiafya au za pesa, zisipite kwenye ufupisho kabisa. Zipite zilivyo.

Hapo utaniuliza: si basi kila ajenti ajue kila kitu kunihusu? Hapana, buda. Hapa ndipo sikubaliani na wale wanaouza "kumbukumbu ya pamoja" kama baraka tupu.

Fikiria uliuliza chatboti ya bima kuhusu dawa za kuzuia HIV. Mwezi ujao unaomba mkopo kwa kampuni iliyo chini ya mwavuli huo huo. Ajenti wa mikopo anahitaji kujua hilo? Hata kidogo. Lakini daftari likiwa wazi kwa wote, ameshalijua. Nchi hii imeona data ikitembea bila ruhusa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 baada ya watu kulalamika kwamba nambari zao zilichukuliwa kutoka kwa wengine na kutumika kuwasumbua. Wengi wetu tumepigiwa simu kuhusu deni la mtu tuliyesoma naye shule ya msingi. Huo ulikuwa muktadha uliovuja, kabla hata ya maajenti kuja.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inataka data ikusanywe kwa sababu iliyotajwa na isitumike kwa jambo lisilopatana nayo. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua inatumikaje, kuiona, na kuomba isahihishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Kifungu cha 35 kinakulinda, kwa masharti yake, dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde wa 2025 hadi 2030. Vizuri. Lakini ukurasa wa mkakati haumsaidii mama wa Soweto ikiwa hakuna anayekagua kilichopotea kati ya ajenti wa kwanza na wa pili.

Na kampuni zisituambie "ni boti ilisema". Hiyo ilishajaribiwa Kanada. Chatboti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba nauli ya msiba baada ya kusafiri. Ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo ulisema haiwezekani. Kampuni ilijitetea kwa kusema chatboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Mdomo wa kushoto wa kampuni haukujua mdomo wa kulia umesema nini, na aliyelipia ni kampuni. Ndivyo inavyopaswa kuwa hata hapa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kampuni yoyote inayotuwekea maajenti mbele itimize mambo matatu kabla ya kujisifu. Kwanza, nikipelekwa kwa binadamu, binadamu huyo awe na kisa changu mbele yake. Kuna kampuni moja, siitaji, ambayo nimeieleza shida moja mara nne kwa siku moja, na kila aliyenipokea aliniuliza jina upya. Pili, niweze kuandika "nionyeshe mnachojua kunihusu" na nionyeshwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na nani alikiandika. Tatu, kila ajenti apewe kurasa anazohitaji kwa kazi yake tu, na nyingine zifungwe.

Watasema ni ghali. Ni kweli, daftari zuri linakula tokeni. Lakini kulipia ujinga ni ghali zaidi, na kwa sasa anayelipia ni sisi kwa muda, kwa bando na kwa afya.

Na wewe unayejifunza kodi kwa simu ndani ya bedsitter ya Umoja, au kwenye sayba ya Kariobangi stima ikirudi, hii ni nafasi yako. Zana zipo na ni za wazi. Novemba 2024 ilitoka itifaki ya MCP ya kuunganisha modeli na data na zana. Aprili 2025 Google ikatoa A2A ya kuwezesha maajenti kuongea wao kwa wao. Hizo zinaleta waya tu. Nini kipite kwenye waya, nini kibaki, nini kisifupishwe kamwe, hilo halijaamuliwa na mtu wa California, na hawezi kuliamua vizuri kama hajui tofauti ya ngiri na ngiri. Wewe unaijua. Anza na kitu kidogo: chatboti ya chama cha mamako, maajenti wawili, daftari moja. Iharibu, uone inapotezea wapi, uirekebishe.

Na kama hujengi chochote, una kazi pia. Wiki hii ukiongea na chatboti yoyote, kabla hujaaga, iulize imeandika nini kukuhusu na inampa nani. Ikikuzungusha, piga picha ya skrini na uihifadhi. Malalamiko kwa Kamishna wa Data yanahitaji ushahidi, na soga hiyo ndiyo ushahidi wenyewe.